Hatua ya Kumi na Mbili

Kitabu nilikinunua chini, kando ya barabara ya Latema,
shilingi thelathini, hakina jalada,
hakina mwisho.
Mke wa muuzaji huuza njugu,
na karatasi, aliniambia bwana, haina dini:
ikishasomwa, inafunga.

Jumapili, ukumbi wa Kaloleni. Meza ya nne.
Sagini wa benki, shati limepigwa pasi hadi linakata,
mimi na unga wa mkate bado kwenye kucha
maana zamu ya usiku haijui ligi.
Tukashikana mikono. Saa ikabonyezwa.

Askari wa mfalme, nyumba mbili. Naye vivyo hivyo.
Farasi. Farasi.
Kisha askofu wangu akateleza mpaka b tano:
Kihispania, urithi wa mababu wa watu wengine,
nami naujua kama njia ya chooni gizani.
Akamtisha kwa askari wa pembeni; nikarudi nyuma.
Mfalme nikamficha, ngome ikasimama mlangoni.
Ya saba, ya nane, ya tisa,
mikono yetu ikikariri
kama watoto na jedwali la kuzidisha,
bila kosa, bila kuelewa.

Kumi na mbili. Farasi wa pili, d mbili.
Hapo ndipo karatasi yangu ilipochanika.

Mtu alikohoa meza ya saba.
Sagini hakunitazama. Kitabu chake kina mwisho,
nilikiona mabegani mwake.
Dakika kumi na moja zikaliwa.
Yule farasi kamzibia askofu mlango,
nikakumbuka chumba chetu cha Maringo,
kitanda kinachobana kabati,
na Nafuna asemavyo kila tukifagia:
sogeza kimoja, kingine kipumue.
Nikamsogeza. b tatu.

Sijui kama imeandikwa popote.
Sagini aliinua nyusi, akashika kidevu,
akakaa. Akakaa sana.
Sasa saa yake ndiyo iliyovuja.

Alinishinda, ndiyo. Hatua ya arobaini na nne,
askari mmoja tu wa ziada, akamtembeza taratibu
mpaka akawa malkia,
kama mtu alipaye deni kwa awamu.
Sina la kulalamika.

Jioni nilinunua njugu za kumi, Latema palepale,
nikaikunjua karatasi gotini, moyo mbio.
Mtihani wa jiografia, darasa la saba:
*Taja mito miwili isiyofika baharini.*
Nikala njugu. Nikataja mmoja.
Wa pili niliuwaza mpaka zamu ilipoanza.