Unga wa Dirisha la Kusini

Februari, Tartu. Mto umeganda, na mimi
nasugua kipande cha titani, sentimita mbili kwa mbili,
kwa msasa, kwa asetoni, kisha kwa spiriti,
mpaka niuone uso wangu.
"Kidole usiguse," anasema Urve, fundi wa maabara.
"Alama ya kidole ni uongo utakaoupima wiki nzima."

Natumbukiza. Volti sitini.
Glaikoli, maji kidogo, na floridi isiyojua mzaha:
glavu mbili mbili, jeli ya kalsiamu karibu na mkono.
Metali huvaa rangi kwanza: zambarau, samawati,
dhahabu ya ganda la kitunguu,
kisha hufifia kuwa kijivu, kana kwamba imechoka kujipamba.
Hapo ndipo kazi hufanyika.
Floridi inachimba, oksidi inajenga,
huyu akibomoa yule akiezeka,
na katikati ya ugomvi wao mirija inasimama wima,
mamilioni, vinywa wazi,
kila mmoja mwembamba hata unywele wangu
ni gogo la msonobari kando yake.

Tanuri: nyuzi mia nne na hamsini.
Kabla ya moto, atomu ni umati wa gulioni;
ndani ya moto hupanga foleni.
Ukizidisha, hujifunga kuwa rutili,
fuwele nzito isiyo na njaa.
Urve hulinda kipimajoto kama mtu alindaye maziwa jikoni.

Eksirei ikatupa kilele pale tulipokitaka.
Anatasi. Nikaandika kwa penseli.
Hadubini ya elektroni ikaonyesha sampuli ya nane:
sega la nyuki, safi, la kupamba jalada.
Na ya kumi na moja: imepasuka, imebanduka pembeni
kama tope la bwawa lililokauka. Nikaitenga ya kutupwa.

Kisha mtihani wenyewe: maji yenye buluu ya methilini,
taa ya urujuanimno, saa ya ukutani.
Kila dakika kumi nachota tone, nalipima.
Ile nzuri, alasiri nzima,
maji yamebaki buluu ya sare ya shule.
"Weka na ile mbovu," akasema Urve, akimenya yai.
Mbovu ikala.
Dakika tisini, na nikasoma gazeti kupitia gilasi.

Sijui kwa nini. Labda nyufa zimefungua mlango wa uani.
Labda ni bahati tu.
Nitairudia mara tatu kabla ya kumwambia profesa.

Lakini usiku ule nilimkumbuka baba,
Heldur, mpaka rangi wa Viljandi,
akipitisha kiganja kwenye fremu ya dirisha la kusini,
kiganja kikitoka cheupe, naye akikilaani kiwanda:
"Miaka mitatu tu, jua limeisaga kuwa unga!"
Nyeupe ile ilikuwa hii hii.
Dioksidi ile ile, mkebeni, lita tano,
ikinywa jua na kuyatafuna mafuta yaliyoishikilia mbaoni.
Amepigana maisha yake yote na kitu
ambacho mimi nalipwa kukiamsha.

Nikampigia simu. Nikamweleza nusu kwa maneno,
nusu kwa mikono asiyoiona.
Kimya. Kijiko kikagonga kikombe.
"Kwa hiyo," akasema, "haikuwa kiwanda."
"Haikuwa kiwanda."
"Na barua zote zile nilizowaandikia..."
Akacheka hadi akakohoa.

Sampuli ya kumi na moja imo kisandukuni.
Nimeiandikia: usitupe.
Urve ameongeza chini yake, kwa wino: wala usiguse.