Swali la Nane

Swali la nane kwenye fomu: kwa wiki, unakunywa kiasi gani?
Bwana Geddes akatazama nje, Dundee, mvua ya Februari,
Mto Tay umelala kama bati.
"Mbili tatu," akasema. "Za Jumamosi."
Miaka thelathini na moja fundi wa mabasi,
mkono uliozoea nati
ukashindwa kuituliza kalamu juu ya jina lake mwenyewe.
Niliona.
Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Nikaandika: mbili.

Daktari alikata vizuri, simlaumu.
Shina la titani ndani ya paja, tufe la kauri
likakaa kikombeni, likazunguka bila mlio.
Siku ya kwanza alikwenda chooni na fremu yake,
akamtania bintiye Eilidh, ati jiandae, harusini tutacheza.
Siku ya pili, jasho. Moyo mia na kumi na nane.
Tukasema maumivu. Tukasema labda kidonda.
Tukatoa damu, tukapima mkojo,
tukapekua kila mahali
ila karatasi ile.

Usiku wa tatu, saa tisa kasorobo,
akaanza kufukuza nondo kwenye shuka.
Hapakuwa na nondo.
Akaniita Jessie. Akauliza namba kumi na saba limeegeshwa wapi,
breki zake hazijakazwa, Jessie, watu watakufa,
na kabla sijazunguka kitanda
alishashuka kwenda kuzikaza.

Mlio wake sitausimulia.
Mguu ulilala sakafuni umegeukia ndani,
mfupi kuliko mwenzake.

Kwetu husema mficha maradhi, kilio humfichua.
Methali ilinifika ulimini, nikaimeza.
Kalamu nilikuwa nimeishika mimi.

Walimrudisha nyonga mahali pake, ikachomoka tena.
Kidonda kikagoma kufunga, kikatoa maji wiki ya tatu.
Eilidh akaja na hesabu, si na machozi:
chupa thelathini na nne nyuma ya tangi la maji moto,
na kofia ya babake ikiwa imezifunika
kana kwamba zingepata baridi.

Sasa upasuaji wa pili. Fomu mpya, maswali yaleyale.
"Swali la nane," nikasema,
nikaiweka kalamu mezani.
Akatazama mto. Nikangoja.
Foleni ilikuwa imefika mlangoni, mtu akakohoa,
nikangoja.

"Jumatatu," akaanza.