Kiambatisho

Ombi namba arobaini na saba lilikuwa zito kuliko mengine.
Nililipima kiganjani kabla ya kulifungua,
kama mtu apimavyo mkate wa jana.
Nje, theluji ya Machi ilikwisha kuwa tope,
na vipande vya barafu viligongana bandarini St. John's.
Mfuko wa Elimu ya Madini na Uhamasishaji wa Umma:
ghorofa ya tatu, mimi, birika la chai,
na karatasi ya alama. Thelathini za bajeti,
ishirini za malengo, kumi za ubunifu.
Alama za kilio hakuna. Nimekwisha kuzitafuta.

Mwombaji: Verna Budgell, miaka sitini na tisa,
mji wa Tilley's Brook, watu mia tatu na wachache,
mgodi uliofungwa mwaka aliojifungua kitindamimba.
Anataka masanduku manne ya mbao,
mawe ndani, kofia ya mchimbaji na taa yake,
ayazungushe shule kwa shule
watoto washike.
*Washike*, kaandika, kapiga mstari mara mbili.

Swali la tatu: Umma utajifunza nini?
Maneno mia mbili na hamsini, yasizidi.
Yake hayakufika hata thelathini:
*Kwamba zinki iliyopakwa ndoo yao
ilikuwa mwamba, na mwamba
ulikuwa na baba yangu ndani.*

Mchimba shimo, wahenga wanasema, huingia mwenyewe.
Leander Pinsent aliingia saa moja kila asubuhi,
akalipwa kwa saa, akatoka jioni,
mpaka siku kifua kilipokataa kutoka naye.

Na chini ya ukurasa wa sita, kwa utepe wa gundi,
alikuwa amebandika jiwe.
Dogo, la kijivu, pande zake za mraba zikimeta:
risasi, ile ya mwambani,
isiyohitaji bunduki ili kumfikia mtu.

Kanuni ya tisa: viambatisho visivyoombwa viondolewe.
Nikakiondoa.
Utepe ukang'oka na nusu ya neno *baba*.

Kikaoni tulikuwa watano.
Bwana Fizzard alisema haoni viashiria.
Mwingine akasema kampuni inayochoronga upya kule bara
ingefurahi kuona vijana wakivutwa na kazi.
Nikawasomea ile sentensi ya mwamba.
Kimya.
Kisha mtu akauliza kama biskuti zimebaki.

Tulimpa dola elfu nne kati ya elfu saba na mia mbili.
Tulikata petroli.
Kalamu nyekundu niliishika mimi, sikatai:
masanduku tutalipia, mwendo wake hapana,
na nembo ya serikali ikae juu ya kila kifuniko,
upana wake usipungue kiganja.
Ruzuku na riziki zimetoka tumbo moja,
ila ruzuku ilipelekwa shule, ndiyo maana inadai risiti.

Ripoti ilifika Novemba, mwandiko uleule.
Shule zilizofikiwa: kumi na moja.
Watoto: mia mbili na tisa.
Usafiri: *Cyril wa jirani, na lori lake la kuni.*
Changamoto: *Mmoja huko Rattling Pond alilamba jiwe.
Nikamsukutua kinywa, nikampa peremende, nikampigia mama yake.*
Mafunzo yaliyopatikana:
*Nilizima taa za darasa, nikawasha ya kofia.
Hakuna aliyelia. Watoto hawaogopi giza
mpaka waambiwe nani alibaki humo.
Sikuwaambia.
Mwakani, nikipata petroli, nitawaambia wa darasa la sita.*

Niligonga muhuri: LIMEFUNGWA.

Jiwe sikulirudisha. Kulirudisha hakuna fomu.
Liko droo ya chini, utepe wake ungali nao,
na kila nikivuta nitafute stepla
halibingiriki, maana lina pande;
linakwaruza mbao huko nyuma,
kama mtu anayesogeza kiti apate kukaa.