Mtaro wa Baba

Mtaro huu aliuchimba baba yangu, Aminieli,
mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka
na kabichi zikawa ndizo ada ya shule.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika tochi.
Alichimba usiku. Mchana aliogopa jua,
au macho ya watu, sikumuuliza.

Huku juu Uru, migomba inapokoma
na msitu bado haujaanza,
palikuwa na bonde la majani lisilo na haraka.
Ukikanyaga, unyayo ulijaa maji
kabla hujainua mguu.
Ng'ombe wa Ndewingia alizama humo hadi tumboni,
tukamtoa kwa kamba na matusi.
Baba akasema: ardhi nzuri hii, imekaa bure, inalowa tu.

Upana wa jembe, kina cha goti: ndio mtaro wote.
Lakini maji yakishaonyeshwa njia ya mkato
hayarudi tena kwenye adabu.
Masika ya kwanza, goti likawa kiuno.
Siku naolewa, mtu mzima aliweza kusimama mle ndani
usimwone ila kofia.

Kabichi tulivuna misimu minne.
Nilisoma. Nasema bila kebehi:
kila herufi niijuayo ililipiwa na maji yale.

Kisha bonde likakakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa.
Vyura walihama, hakuna aliyewaaga.
Chemchemi ya chini, iliyotoa hata Februari,
ikawa tone, ikawa unyevu, ikawa hadithi.
Mfongo ukabaki jina la njia ya kwendea kanisani.
Mvua ikinyesha kwetu leo,
kesho iko Moshi mjini, inapita chini ya daraja
rangi ya chai ya maziwa,
imebeba shamba la mtu.

Mwaka huu tumepanda huku watu kumi na mmoja, na mawe.
Hatujengi bwawa. Kundaeli ametuonya:
maji hayakatazwi, yanacheleweshwa.
Jiwe kubwa chini, dogo juu,
katikati pawe chini kuliko kando,
maji yapite kama mgeni, mlangoni, si dirishani.
Vigingi vibichi vya msesewe, huenda vikachipua.
Ndago tumeihamisha shina kwa shina na udongo wake,
kama mtoto anayehamishwa usingizini na blanketi lake.

Ukuta wa tatu ulizolewa usiku mmoja wa Aprili.
Tuliukuta umelala mita thelathini chini.
Mama Aikande alikaa juu ya jiwe, akala muwa wake wote,
ndipo akasema: haya.

Tumechimbia bomba la plastiki lenye matundu.
Kila Jumamosi nashusha ufito, nasoma ulipolowa,
naweka alama kwa rangi ya kucha ya binti yangu.
Mei: sentimita mia na arobaini kwenda chini.
Juni: mia na kumi.
Agosti, vumbi likiwa hadi kwenye kope: mia na kumi na mbili.
Kundaeli akacheka peke yake.
Mimi nilielewa usiku, kitandani:
mvua ilikwisha ondoka zamani,
na maji yalikuwa bado hayajaondoka.

Baba ana miaka themanini na moja, hasikii vizuri.
Nilimpigia kelele sikioni: tunaziba mtaro!
Alinyamaza hadi uji ukapoa.
Akauliza, jembe langu lipo?
Lipo, baba. Limelika.
Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa hesabu.

Jumapili alimtuma mjukuu wake alete jani la isale
lililofungwa fundo,
kama walivyotumiana wa zamani walipokoseana.
Hakusema ni la nani kwa nani.
Nimelichomeka kati ya jiwe la kwanza na la pili.
Maji yamelifikia, yamesimama kidogo,
yanalizunguka.