Leseni kwa Jina la Marehemu

Kila asubuhi, miaka mitatu,
nilipowasha mtambo skrini ilinisalimu:
"Karibu, Bwana Halvorsen."
Nami niliitika. Ningefanyaje?
Halvorsen yuko makaburini nyuma ya kanisa la Walutheri,
mahindi ya Nebraska yanakomaa bila yeye,
na leseni ilikuwa kwa jina lake.

Haihamishiki, walisema.
Nilirithi chumba, kabati lenye bawaba mbovu,
vikokotoo ishirini na vinane
alivyovipa namba kwa rangi ya kucha ya mkewe.
Neno la siri sikurithishwa. Nililikuta
chini ya droo, kwa penseli:
jina la mbwa wake, na mwaka aliokufa mbwa.

Oktoba, mashine za kuvuna zikinguruma, ankara ikaja.
Dola elfu moja mia moja na arobaini,
kwa darasa moja, mwalimu mmoja, mwaka mmoja,
kana kwamba milinganyo ya kipeo cha pili
huchacha kama maziwa ikivuka Desemba.

Nikapiga simu. Kijana wa mauzo, sauti ya asali,
akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa:
"Vikokotoo ni vyenu, mama. Hakuna anayevidai.
Mnacholipia ni kule kuonana."

Nikayaandika nyuma ya ankara.
Kule kuonana.

Bodi ya shule ilikutana Jumanne.
Bwana Kucera, muuza matrekta, akauliza
mbona yeye alijua hesabu kwa penseli na vidole.
Paa la ukumbi wa mazoezi linavuja.
Basi la kusini linataka gia.
Sikubisha; ndoo za paa nilizipanga mwenyewe.
Wazazi wakaoka kolachi za plamu, wakauza mechi mbili,
tukapata mia tatu na sita.
Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba.
Hawakukijua kibaba
kinachokwisha muda Desemba thelathini na moja.

Januari mtambo ukaandika:
"Muda wa Bwana Halvorsen umekwisha."
Nilicheka peke yangu hadi machozi.
Habari ile ilichelewa miaka mitatu.

Lakini ngoja nikwambie kilichokatika.
Kuna mtoto, Anselm Dvoracek, meza ya nyuma,
kikokotoo namba kumi na tisa.
Ana kigugumizi. Mkono wake haujawahi kupanda.
Mtandao ulipokuwa hai
jibu lake lilitangulia yote,
kijidirisha kwenye kona ya skrini yangu,
mkunjo wa grafu umegusa pale pale unapotakiwa.
Nilisema tu, "Kuna mtu amepata,"
nisimtaje,
naye angetazama theluji nje
kama mtu asiyehusika, masikio yakimuiva.

Sasa natembea. Meza hadi meza,
magoti yakilalamika,
nainama, nasoma vioo vya kijivu kimoja kimoja,
na kengele hunikuta safu ya tatu.
Wiki nne sikufika nyuma.

Jana nilianzia nyuma.
Anselm hakuinua macho.
Alikisukuma namba kumi na tisa kwa kidole kimoja,
upana wa punje ya hindi,
upande wangu.