Kipimo cha Mto

Redio ilisema saa mbili usiku: bwawa ni imara.
Sauti ile ile, iliyonyooka kama kola ya pasi,
ndiyo iliyotuambia, enzi za kiwanda cha rangi,
kuwa samaki wameelea tumbo juu kwa sababu ya joto.
Mama yangu hakuizima. Aliipunguza tu,
kama unavyompunguzia chai mgeni mwongo.

Juu, simu ya Ksawery ilifurukuta kitandani
mfano wa mende aliyelala chali.
Watu mia tisa, mhariri hakuna, wa kushtakiwa hakuna:
Bwawa limepasuka. Binamu yangu kaona. Picha hii.
Na pichani daraja la nchi nyingine,
lenye taa ambazo mji wetu haujawahi kuzilipia.
"Tuondoke, mama." Nani kasema?
"Wote." Akasogeza kidole, akasogeza,
akiutafuta uso wa Wote.

Nami katikati ya ngazi, sikio moja chini, moja juu,
mguu mmoja umevaa soksi.
Zamani ningelifungua gazeti la wilaya.
Nilisahihisha kurasa zake miaka kumi na mmoja,
nikiwinda herufi zilizopotea.
Lilifungwa. Ofisi ile sasa inauza makava ya simu.

Nikavaa viatu vya mpira vya marehemu Zbyszek,
vinanizidi saizi tatu, nikaenda mwenyewe.

Darajani alikuwapo Bogumił, aliyewahi kuwa ripota wetu,
siku hizi anafunga madirisha ya plastiki.
Kila nusu saa anamulika nguzo ya kupimia maji,
kisha anaandika kwa chaki
kwenye ukuta wa duka la mikate, pasipofika mvua.
Mia tano na nne. Mia tano kumi na tisa.
Watu walisimama na makoti juu ya pajama,
hawazungumzi, wanasoma.

Bwawa halikupasuka. Maji yalikuja hata hivyo,
kwa kijito cha nyuma ya shule
ambacho hakuna aliyekitaja, si redio, si simu.
Asubuhi kila upande ukasema: si tuliwaambia?

Matope yalipokauka nilirudi pale ukutani.
Mstari wa tatu ulikuwa umefutwa kwa kiganja,
na pembeni yake, kwa mwandiko wa haraka:
nilikosea, tochi ilitikisika. Ni 527.

Mwenye duka ananiuliza kama apake chokaa.
Nimemwambia angoje kidogo.