Swali la Kumi na Saba

Duluth, Februari. Nauliza kwa simu
swali la kumi na saba:
mwenzi wako, mwanamume au mwanamke?
Bi Solveig Aune, miaka sabini na moja,
ananyamaza. Nasikia birika, kisha mlango ukirudishwa.
"Andika sina," ananong'ona. "Marit amelala,
na kaka yangu yuko sebuleni."

Naandika hana.

Jioni bosi anasoma: asilimia tatu nukta nane.
Mjumbe wa mgombea anakuna kidevu:
"Wachache. Hotuba ile tuiache."

Novemba kiti kikawaponyoka
kwa kura mia mbili na sita.

Idadi kamili siijui.
Najua penseli ilisita,
na kwamba "hana" ile
ina vikombe viwili mezani.